Cheti cha Kuibiwa

Nchi ninayotaka kuwasimulia haipo. Naapa haipo. Hata nilipokuwa naishi humo, nikinyoa ndevu humo na kupigwa jua humo, haikuwepo. Kwa hiyo msomaji akidhani kamwona waziri wake katika hadithi hii, ajue macho yanamdanganya na akapimwe. Sisi wenyeji tulikuwa na amani, tulikuwa na umeme siku za sikukuu, na tulikuwa na Sikudhani Mbwera.

Ngoja niseme mapema tusije tukapotezeana muda: nilimwonea wivu Sikudhani. Si ule wivu wa kistaarabu wa kusema "hongera, dada" huku umeuma meno. Huu ulikuwa wivu wa kuamka nao na kuunywea chai. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Waongo hao. Mimi nilinenepa.

Sikudhani na mimi, Shomvi Lukindo, tulikuwa watengenezaji wa gemu, gemu hizi za kuchezea kwenye simu. Hatukuwa na kampuni wala bosi. Tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya kinyozi, kompyuta moja, na feni moja iliyokuwa haizunguki mpaka mtu aishike shingo. Asubuhi yeye aliandika programu nami nikashika feni. Mchana niliandika mimi, yeye akashika. Tulikwenda hivyo miaka sita, na mwisho kila mmoja akatoka na gemu yake.

Yangu iliitwa Foleni. Mchezaji ni raia anayetafuta kugongewa muhuri. Kuna madirisha saba, na kila dirisha lina karani wake, mwenye sura yake na kiburi chake na historia yake nyumbani. Niliwachora makarani wale mpaka kucha. Ilikuwa gemu ya kina, gemu ya kumfanya mtu afikiri. Yake iliitwa Kuku wa Jirani. Kuku anazurura kwenye nyua za watu, wewe unamrudisha bandani. Basi. Kuku!

Sasa, kwetu gemu hazikununuliwa. Kila mtaa ulikuwa na kibanda, na kila kibanda kilikuwa na jamaa mwenye kompyuta. Unampa simu yako, unamwambia "niwekee vitu," unakwenda sokoni, ukirudi simu imejaa nyimbo, filamu na gemu, na hakuna hata kimoja ambacho mwenyewe ameulizwa. Hao tuliwaita maharamia, lakini kwa upendo, kama mtu anavyomwita shemeji yake mkorofi.

Kuku wa Jirani aliibwa wiki ya kwanza. Sikudhani akapandwa na hasira, akafanya ujanja. Alipanga programu ili nakala ikiwa ya wizi, kuku asimame katikati ya uwanja, amkodolee macho mchezaji na kupiga ukelele: "Nimeibiwa! Nirudisheni kwetu!" Alidhani watu wataona haya.

Jamani, watu walipenda! Harusini walimcheza, msibani walimcheza kwa sauti ya chini. Wale wachache waliokuwa na nakala halali walikuja chumbani kwetu kulalamika kwamba kuku wao ni bubu. Mama mmoja alisema haki haiko nchi hii, wezi wanapewa kuku anayesema na waaminifu wanapewa wa kimya. Mimi nilikuwa nimeshika feni. Nilisikia yote.

Kisha likaja lile la bungeni. Waziri wa Ubunifu na Mambo Yasiyoshikika, Mheshimiwa Gwandu Sangoda, alisimama kutoa hotuba. Alikuwa amefika pale anaposema kwamba serikali yake imetokomeza uharamia kwa asilimia mia moja na zaidi, mara kuku akalia mfukoni mwa koti lake. "Nimeibiwa! Nirudisheni kwetu!" Kuku wa Spika akaitikia. Wakafuata wa viti vya mbele, wa viti vya nyuma, na wa askari mlangoni, mpaka Bunge zima likawa banda. Waziri akafuta jasho, akasema, "Mheshimiwa Spika, naomba kumbukumbu zionyeshe kuwa kuku hao ni wa upinzani." Upinzani, ambao kwetu ni mzee mmoja, ukasimama na kueleza kuwa simu yake ni ya tochi.

Nchi nyingine ingeona aibu. Yetu iliunda tume.

Tume ilisafiri nchi saba kujifunza jinsi watu wanavyopambana na wizi wa kazi za akili, ikarudi na ripoti nene, iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka nchi ya tatu, hata jina la mfalme wao likiwa limesahaulika ndani. Bunge liliipitisha kwa makofi. Hoja yake ilikuwa rahisi na mimi mwenyewe niliposoma sikuona kosa. Wezi hawahesabiki kwa sababu ni wengi na wengine ni wakubwa, lakini walioibiwa wanahesabika. Tena, kitu ambacho hata mwizi hakitaki, taifa litakitaka la nini?

Basi ikaanzishwa Mamlaka ya Kuthibitisha Wizi. Mtengenezaji aliyeibiwa alipewa Cheti cha Kuibiwa, chenye nembo ya taifa na mkono unaoingia mfukoni. Maharamia nao walipewa leseni, kwa kuwa mwizi asiye na leseni hawezi kuthibitisha wizi kitaalamu. Na gemu yoyote itakayofika mwisho wa mwezi wa sita bila cheti ingehesabiwa kuwa uchafu wa kidijitali, ifutwe katika daftari la taifa na katika kompyuta ya mwenyewe, pamoja na kila nakala yake. Sheria ilisema kufuta kutafanywa kwa nyundo.

Kompyuta ya mwenyewe ilikuwa ile moja, nyuma ya kinyozi. Sikudhani alikuwa ameshapata nyingine. Ndani ya ile yangu mlikuwa na miaka sita, madirisha saba na makarani wangu wote, na sikuwa na kitu kingine duniani cha kuonyesha kwamba nimewahi kuishi.

Sikudhani alipata cheti cha kwanza siku ya kwanza. Cha pili wiki iliyofuata. Kwenye cha tatu wakampandisha kuwa Mwibiwa wa Taifa Daraja la Kwanza, akavishwa joho, akapewa nyumba yenye bustani. Karibu na posta wakasimamisha kuku wa saruji. Mimi nilikuwa napita pale kila siku, na kila siku nilikuta njiwa wamemchafua. Siwezi kusema uongo, njiwa wale niliwapenda.

Nikaona nami sina budi niibiwe. Nikaenda kwa Mshamu Bweta, mwenyekiti wa Umoja wa Maharamia Wenye Leseni, mtu mnene, mpole, mwenye kibanda cha vioo na kalenda ya Waziri ukutani. Nikaweka diski mezani kwake, nikajitia naangalia pembeni. Nikakohoa. Nikatoka nje nikahesabu mpaka mia mbili. Niliporudi diski ilikuwa palepale, na juu yake Mshamu ameweka kikombe cha chai.

"Kaka Shomvi," akaniambia, "chukua mzigo wako, usije ukaibiwa na watu wabaya."

"Ndicho ninachotaka, Mshamu! Iba!"

Akaniangalia kwa huruma. "Mimi nina jina, kaka. Nina wateja. Mtu ametoka kupanga foleni ya maji, kapanga foleni ya hospitali, kafika hapa anataka kupumzika. Nimpe nyingine akapange kwa kidole? Kesho atarudi kwangu huyo?"

"Nakala moja tu. Kwa hisani."

"Kuiba kwa hisani si kuiba, huo ni msaada. Wataninyang'anya leseni." Akanywa chai yake. "Kila kazi ina maadili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yule dada yako hakuja hapa hata siku moja. Sisi ndio tuliomfuata."

Hapo ndipo nilipoumia. Si kwa kukataliwa, nimekataliwa sana maishani mwangu na nimezoea. Niliumia kwa lile "yule dada yako." Hata katika kunikataa walimtaja yeye.

Nikabuni njia nyingine. Nikakusanya flashi arobaini, nikatia Foleni ndani ya kila moja, nikazitupa mjini. Kwenye benchi za hospitali, kituo cha basi, mlango wa benki, uwanja wa mpira, msikitini na kanisani. Nilijua watu wetu. Wakiokota kitu watakifungua, wakikifungua watanasa, wakinasa watanakiliana. Ila nilifanya kosa moja. Juu ya kila flashi niliandika jina langu kamili na namba ya simu, maana niliogopa wasije wakaniibia bila kujua wanamwibia nani.

Simu ikaanza kulia kabla sijafika nyumbani. "Kaka Shomvi? Umeangusha kitu chako." Siku tatu nilikuwa napokea watu mlangoni. Waaminifu, wakavu kwa jua, wengine wamepanda magari mawili kunifikia. Shangazi mmoja aliifunga yake katika kitambaa na kuniletea na ndizi. Nilitupa flashi arobaini, zikarudi arobaini na moja. Ile ya ziada ilikuwa na picha za harusi ya watu nisiowajua. Aliyeileta alisema aliona anipe na hiyo, kwa kuwa inaonekana mimi ni mtu wa kupoteza vitu.

"Mliangalia kilichomo?" nilimuuliza shangazi wa ndizi.

"Tuliangalia, mwanangu," akasema, akanishika mkono. "Pole sana."

Pole! Kana kwamba nimefiwa.

Ikabaki wiki moja. Akaja Mfutaji wa Wilaya, Bwana Mlelwa, mwembamba, mwenye suti ya kaki na nyundo ndani ya mkoba wa ngozi. Alibisha hodi kwa adabu.

"Karibu," nikasema.

"Ahsante. Leo sijaja kupiga, nimekuja kupima tu." Akatoa utepe wa fundi cherehani, akapima kompyuta yangu urefu na upana, akaandika. Akaigonga kidogo kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti. "Hii itachukua mapigo manne. Ukiwa na nafasi, siku hiyo uiondolee vumbi. Vumbi linanipa chafya."

Nilimuuliza kama hakuna namna. Akaniambia namna ipo, nayo ni kuibiwa, na kwamba mwenzangu mmoja tuliyekuwa tukishiriki naye chumba hiki anaibiwa mara elfu kwa siku, kwa nini nisimuulize siri. Akamsifu kuku. Alikuwa naye mfukoni, akanionyesha.

Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, Sikudhani alinitumia salamu niende kwake tule mchana. Nilikwenda. Msiniulize kwa nini. Mtu mwenye wivu hupenda kuona kwa macho yake, kama mtu mwenye jino bovu asivyoacha kuligusa kwa ulimi. Nikaona makochi, nikaona bustani, nikaona vyeti kumi na vinne ukutani vimepangwa kwa ngazi. Sikudhani mwenyewe alikuwa na kanga na mafuta ya kupikia mikononi, yuleyule wa nyuma ya kinyozi. Hilo nalo liliniudhi. Ningetaka awe amebadilika.

"Kaa, Shomvi, wali unakauka," akasema, akarudi jikoni.

Simu yake ilikuwa kwenye kochi, imefunikwa na mto. Nilipokaa nikaukalia mto, na chini yangu ikatoka sauti ya mwanamume, nzito, yenye mwangwi: "Raia namba mia nne na kumi na mbili, dirisha la tano. Kama hukuja na nakala kivuli ya cheti, rudi kesho."

Ile sauti naijua. Niliirekodi mwenyewe nikiwa nimeingia ndani ya tangi tupu la maji, kwa ajili ya mwangwi, nikatoka na kutu kichwani.

Sikudhani akaja na sinia, akasimama mlangoni.

"Siku, hiyo ni nini?"

"Redio."

"Siku. Hiyo ni mimi."

Akaweka sinia chini taratibu. Akakaa kitako kwenye zulia, si kwenye kochi. "Nimekuibia," akasema. "Zamani. Asubuhi moja ulikwenda kununua vitumbua, nikanakili yote."

"Kwa nini hukuniomba? Ningekupa!"

"Nikuombe wewe? Ungevimba kichwa mlango usingetosha!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na nilikuwa naona wivu, mwenzangu. Mpaka leo naona. Unajua inavyouma? Watu wananisimamisha njiani wananililia kama kuku. Miaka sita nimefanya kazi, wanakumbuka kelele moja niliyoiweka mchana mmoja kwa hasira. Nyasi zile za uwanjani nilizichora jani kwa jani, hakuna hata mmoja aliyewahi kunitajia nyasi. Halafu wewe una yule karani wa dirisha la tano. Anajifanya anatafuta faili, kumbe amejificha nyuma ya kabati anasoma barua ya mkewe. Nilipofika pale nililia, Shomvi. Mimi siwezi kutengeneza kitu kama kile. Dunia ikinichosha naingia kwenye Foleni yako, nakaa."

Ndugu zangu, miaka sita nilikuwa nangoja mtu aniambie maneno hayo. Hata nusu yake. Na yalipokuja, unajua nilisikia nini? Nilisikia neno moja tu. Nimekuibia.

Nilikula wali wote. Ulikuwa mtamu, na hilo nalo nililiweka moyoni kama kosa lake.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Mamlaka, mbele ya karani mmoja aitwaye Bi. Mwanahija, mwanamke wa makamo, miwani puani, asiyeinua uso. Akanipa Fomu ya Tisa, Tamko la Aliyeibiwa.

"Mwizi ana leseni?"

"Hana."

Akainua uso. "Mwizi wa leseni anathibitisha, anakwenda zake. Mwizi asiye na leseni ni jinai, kaka. Atashtakiwa. Una hakika?"

Ningeweza kuwaambia nilifanya kwa ajili ya gemu. Kwamba nilizifikiria zile siku mbili zilizobaki, na ile nyundo, na makarani wangu saba. Ningeweza, na mngeniamini, kwa sababu mnasikia upande wangu tu. Lakini nilipoandika herufi ya kwanza ya jina lake nilisikia utamu, tena utamu hasa, kama wa muwa. Nikaandika mpaka mwisho kwa mwandiko mzuri.

Bi. Mwanahija alisoma jina, akavua miwani. Makarani wa madirisha mengine wakaja kulisoma. Mmoja akauliza kama fomu ina sahihi ya Sikudhani mwenyewe, maana angependa kuikata abaki nayo.

Kesi ilisikilizwa kesho yake, ikaisha kwa muda wa saa moja tu. Sikudhani hakukana. Hakimu aliuliza mtu aliyeibiwa kiasi kile amepataje ujasiri wa kuiba bila leseni. Sikudhani akamweleza kuhusu dirisha la tano, na waandishi wa habari wakaandika. Hukumu ilikuwa hii: vyeti vyote virudishwe, nyumba irudishwe, kuku wa saruji afunikwe turubai, na mshtakiwa kwa miaka kumi asiguse kibodi wala kioo cha simu. Ili kuhakikisha, alivalishwa glavu za serikali, nene kama mito, zenye kufuli kwenye kifundo cha mkono. Askari wawili walizivuta mpaka zikaingia.

Alipokuwa anatolewa alipita mbele ya benchi langu. Nilijiandaa kutukanwa, nilikuwa hata na majibu. Akasimama.

"Kumbe uliitaka sana hivyo?" akasema. "Si ungeniambia, Shomvi. Ningeijaza fomu mwenyewe."

Wakamtoa. Majibu yangu yote hayakufaa.

Sherehe yangu ilifanyika siku iliyofuata, ya mwisho wa mwezi. Mheshimiwa Sangoda alifika kwa msafara, akasoma hotuba. Hotuba yenyewe ilikuwa ya Sikudhani, ya cheti cha kumi na tano ambacho hakupata. Walikuwa wamefuta jina lake na kuandika langu, ila walichoka ukurasa wa pili. "Nchi inajivunia kijana huyu," akasema Waziri, "ambaye kuku wake ameamka mapema kuliko uchumi wetu! Tunamwambia: endelea kutaga!" Watu wakapiga makofi. Nikapokea cheti. Bwana Mlelwa alikuwapo na mkoba wake, akanipa mkono, akaniambia amefurahi ingawa mkono wa nyundo ulikuwa umeshakaa tayari.

Nilikitundika cheti juu ya kompyuta yangu, nikakaa kukitazama. Nilingoja furaha kama mtu anayengoja maji ya bomba. Unasikia yanakoroma ndani, hayatoki. Mtu wa kumwonyesha nilikuwa naye mmoja.

Kisha Foleni ikaanza kuibwa.

Sikuamini. Mshamu Bweta mwenyewe alikuja chumbani kwangu, akaiba mbele yangu, akaniomba radhi kwa kuchelewa. Ndani ya wiki moja nchi nzima ilikuwa inapanga foleni kwa vidole. Walipanga foleni ya maji huku wanacheza Foleni. Nilitoka kwenda kuona kwa macho yangu. Nilivaa shati jeupe. Nikafika kibandani kwa Mshamu, nikakuta bango kubwa, herufi nyekundu: IMEFIKA! GEMU ALIYOIIBA SIKUDHANI.

Nikazunguka mji mzima. Kila kibanda bango hilo. Wengine walifupisha: ILE YA SIKUDHANI. Jina langu, lililokuwa linatokea mwanzo wa gemu kwa sekunde saba, maharamia walikuwa wamelikata kwa kuwa linachelewesha. Na watu hawakuwa wanaicheza mpaka mwisho. Walikwenda moja kwa moja dirisha la tano, pale aliposema alilia, wakalia nao, wakazima. Walikuwa wanacheza machozi yake. Kama Sikudhani kaona ni ya kuibwa, walisema, basi ina kitu.

Nilimwonea wivu upya, wallahi. Mwanamke kafungwa mikono, hawezi hata kuwasha redio, na bado anaichukua gemu yangu mara ya pili, safari hii bila hata kuigusa.

Nikaenda Mamlaka kulalamika. Nilitaka jina langu lirudi. Nikapanga mstari tangu asubuhi, nikafika dirishani saa nane, na aliyekuwepo ni Bi. Mwanahija yuleyule. Hakunikumbuka. Nikamweleza kuwa nimeibiwa jina.

"Na nani?"

"Na wote."

"Fomu haina nafasi ya wote," akasema. "Ina nafasi ya mmoja." Hakuinua uso. Mikono yake ilikuwa chini ya meza, na mabega yanacheza. Nikachungulia. Alikuwa kwenye Foleni, dirisha la tano, na kidole chake kinabonyeza kama cherehani.

"Gemu hiyo ni yangu," nikamwambia.

Akacheka, si kwa ubaya. "Kila anayekuja hapa ni yake. Acha wivu, kaka. Hii ni ya Sikudhani."

Nilikuwa nimekitungua cheti ukutani nikakitia mfukoni, kina nembo na lakiri. Lakini yeye alishanisahau, ameukunja uso juu ya simu, anasonya. "Wenzangu wote wanaishia hapa," akasema. "Nasikia kuna dirisha la sita. Siku ya tatu hii nabonyeza, karani hanifungulii."

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza habari za dirisha la sita. Yule aliyelipenda la tano hakufika huko, na sasa hawezi.

"Usibonyeze," nikasema.

"Eti?"

"Hapo hubonyezi kitu. Weka simu mezani, mwache. Anasoma. Akimaliza atakuja mwenyewe."

Akaniangalia kwa mashaka, akaiweka simu mezani. Tukangoja, yeye upande wake wa kioo na mimi upande wangu, na mstari mzima nyuma yangu ukinung'unika. Ikapita dakika nzima. Karani wa dirisha la tano akatoka nyuma ya kabati, akakunja karatasi yake, akafuta macho kwa mkono wa shati, akafungua mlango wa pembeni.

"Mtume!" Bi. Mwanahija akapiga kofi. Akawaita wenzake, wakaja mbio, wakainama wote juu ya simu. Kisha akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza, macho yanang'aa.

"Kumbe unaijua hivi! Nani kakufundisha, kaka? Sikudhani mwenyewe?"

Nikasema ndiyo. Ni Sikudhani.